Usiitafute Ile Stendi ya Mbao

Nekesa, mama,

Nakuandikia wewe ukiwa kanisani, kwaya inakuaga. Kutoka hapa karakana nasikia ngoma, na nikitulia naisikia sauti yako chini ya zile zingine. Haitaki kuonekana, lakini siku usipokuja wimbo unaanguka, kila mtu anageuka kutafuta ni nini kimepungua. Mama yako ameshaniita kula. Nimemwambia namalizia kazi ya mteja. Bwana anisamehe, mteja mwenyewe ni wewe.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji, ya kutomaliza kadi ya simu kwa salamu za marafiki, hayo mama yako ameyasema wiki nzima na kesho kwenye steji atayasema tena hadi basi ling'oe nanga. Mimi siyagusi. Nataka tuongee juu ya stendi ya darubini, ile ya mbao niliyokutengenezea. Nimeona umeshaifunga kamba na kuiegemeza karibu na mlango, tayari kwa safari. Nimeliona na fundo. Ni lile fundo langu la kufungia mbao kwenye baiskeli, ulilojifunza ukiwa bado unakosea kufunga viatu. Kwaya haijanitoa machozi leo. Hilo fundo ndilo limenitoa.

Kesho unaenda Nyandarua kuwinda bila bunduki. Nikiwaeleza watu hapa Kitale wananiona kama nimechanganyikiwa. Juzi yule jirani yangu wa kushona viatu aliniuliza, "Ati binti yako ameandikwa kazi ya kuwinda nini?"

"Bongo. Yule swara mkubwa, mwekundu, mwenye mistari myeupe ubavuni. Wamebaki wachache sana huko milimani."

"Akimpata amfanye nini?"

"Amwone."

"Halafu?"

"Aandike kwamba amemwona."

Akaweka sindano chini. "Bana! Kama kuna mtu analipa watu kuona, si angeniita mimi? Mimi macho ninayo mawili na hakuna kazi nayafanyia."

Nikamwambia macho kila mtu anayo. Kukaa ndiko hatuna.

Huko kukaa kwako nilichelewa kukuelewa, mama. Unakumbuka nyumbani Bumula, kabla hatujahamia Kitale, nilikuwa nakuweka kwenye kichuguu ufukuze ndege kwenye shamba la wimbi? Nikija nakukuta umekaa kimya, ndege wanakula, wewe unawaangalia wanavyokula. Nilikuita mlinzi wa upepo. Halafu mtamba wetu akapotea. Wanaume tulitembea mto mzima, tukapiga kelele, tukakanyaga mahindi ya watu. Wewe ukaniambia kutoka juu ya kichuguu chako, "Baba, ng'ombe ako pale, nyuma ya ule mti wa panda. Naona sikio." Nikatazama, sikuona kitu. Nikakwambia nyamaza, watu wazima wanatafuta. Ukanyamaza. Jua likaingia, na mtamba akapatikana palepale, nyuma ya mti wa panda, amejilalia anacheua. Wenzangu walinicheka njia nzima: "Kumbe kwako kuna darubini, na wewe unaitumia kutisha ndege!"

Nilicheka nao. Lakini usiku ule nilimwambia mama yako, huyu mtoto Mungu amempa kitu ambacho mimi sijui jina lake. Wewe sikukwambia. Ndiyo nakwambia leo.

Sasa nikueleze ile stendi nzito ilitoka wapi, maana haikuanzia karakana. Nikiwa kijana, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, nilifanya kazi kwa bwana mmoja mwenye shamba huko ng'ambo ya Endebess. Akipanda mlima kutafuta nyati, mimi ndiye mbeba stendi. Ilikuwa ya mbao na shaba, miguu minene kama ya kitanda cha bibi harusi. Tukifika juu anaketi kwenye jiwe, anaifungua, anaweka jicho kwenye darubini, anaanza kuzungusha polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma. Asubuhi nzima inaisha hivyo. Sisi wabebaji tulikuwa nyuma ya jiwe tunanong'ona.

"Huyu anawinda ama anaomba?"

"Anaomba nyati aje mwenyewe."

Tulicheka, lakini moyoni nilimstahi. Akisema "pale", pale palikuwa na mnyama, hata kama sisi tuliona majani tu.

Miaka ile yote, mama, sikuwahi kutazama ndani ya ile darubini. Hakunikataza. Hakunipa, na mimi sikuomba. Kwa hiyo stendi niliijua kwa bega, sikuijua kwa jicho. Na bega linajua kitu kimoja tu, uzito. Nilitoka kwa yule bwana nikiwa na hakika kwamba stendi nzuri ni ile inayokuumiza.

Mtu anaweza kubeba kitu nusu ya maisha yake na asijue kinaonyesha nini. Hata maombi mengine nimeyabeba hivyo. Mwaka ule nilipougua kifua, yale maombi yangu marefu ya Jumapili, yenye kuzunguka dunia nzima, yalinikauka mdomoni. Nikabaki na maneno mawili: "Bwana, niangalie." Hayo mawili ndiyo yalinivusha. Ningekuwa mtu wa kujifunza haraka, ningejifunza tangu hapo.

Halafu useremala nao ukaniharibu zaidi. Wewe umekulia hapa, unajua wateja wetu. Mtu anatoka Tongaren, haangalii kiti kimeungwa namna gani. Anakishika kwa mkono mmoja, anakiinua. Kikipanda haraka anakirudisha chini: "Hii ni ya kudanganya watoto." Kikimvuta bega anatabasamu, "Eee, sasa hiki ni kiti." Mimi mwenyewe nikienda kuona kazi ya fundi mwingine nafanya vilevile, nainua. Kwetu sisi uzito ndio uaminifu. Kitu chepesi ni mtu mwongo.

Kwa hiyo ulipokuja na habari kwamba umeitwa kwenye majaribio, na kwamba kila mmoja aje na stendi yake, mimi sikukuuliza hata swali moja. Nilitoa ile mbao ya tiki ya mlimani niliyokuwa nimeihifadhi kwa ajili ya kabati la mama yako. Niliipiga randa hadi ikang'aa, nikaitia bawaba za shaba, nikaipaka mafuta. Watu walikuja kuiinua hapa mlangoni, kila anayeinua anasema, "Ee, Baba Nekesa, hii ni mali." Nikavimba kichwa. Mama yako peke yake ndiye aliizunguka, akaisukuma kwa kidole cha mguu, akasema, "Umemtengenezea mtoto stendi, ama umemtwika kitanda?"

Nikamwambia mambo ya mlima aniachie mimi.

Ulienda nayo majaribio. Ukarudi. Ulisema tu kwamba ulifika kileleni wenzako wakiwa wameshakaa, na wanyama wameshaanza kurudi kwenye kivuli. Hukusema kwa nini. Mama yako ndiye aliyeliona bega lako ukijipaka mafuta, akanijia huku karakana bila kupiga hodi, akaniambia, "Nenda ukaangalie kazi yako ya mikono." Sikwenda. Niliogopa.

Yule madam wenu anayeongoza kazi alikuwa mtu wa haki. Alikwambia macho yako hajaona mfano wake, atakuchukua, lakini kwa muda wa kujaribiwa. Asiyefika mahali pa kuangalia kabla jua halijashika mbuga anarudishwa kwao. Akakwambia tafuta stendi nyepesi. Ulinieleza hayo huku umeangalia chini, kama wewe ndiye umekosa.

Ndiyo tukaenda Bungoma, kwa yule jamaa wa studio ya picha anayeuza stendi za kamera. Ile siku nairudia kichwani kila siku, na kila nikiirudia nakupenda zaidi.

Mimi niliingia nikaenda moja kwa moja kwa ile ndefu inayong'aa. Ilikuwa inavutwa, inavutwa, hadi ikanipita kichwa. Nikasema hii ndiyo. Wewe ukapiga magoti kwenye sakafu yake ya simenti. Ukaivuta yote, ukaigonga kwa ukucha, ukaweka jicho karibu kuangalia inatetemeka hadi lini. Ilitetemeka kama mtu mwenye malaria. Yule jamaa akakucheka.

"Dada, unanunua stendi ama unapima mgonjwa?"

"Napima mgonjwa," ukamjibu, hata hukuinua kichwa. "Na huyu hafiki Nyandarua. Atanifia njiani."

Halafu ukanieleza, taratibu, kama vile ungemweleza mtu unayemheshimu. Ukasema mguu wenye vipande vingi unajikunja mdogo kwenye mkoba, lakini kila kiungo ni mahali pengine pa kucheza, na kile cha chini kabisa kinakuwa chembamba kama kijiti. Ukasema shingo ya katikati ikiinuliwa juu ni kama mtu amesimama kwenye bega la mwenzake, upepo ukija wote wawili wanayumba. Na urefu si kitu, maana kazi yenyewe ni ya kukaa chini. "Anayesimama anachoka, Baba, na akichoka anaacha kuangalia vizuri." Ukajaribu vibano vya miguu ukiwa umevaa zile glavu zangu za kubebea mbao, kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Vile vya kuzungusha vikakukatalia, vile vya kubonyeza kwa dole gumba vikakubali. Yule jamaa aliacha kucheka. Akaanza kukuletea zingine kutoka nyuma bila kuulizwa.

Ukaipata. Fupi, nyeusi, haina mbwembwe. Miguu yake inatanuka hadi karibu ilale chini. Ukatoka nayo nje kwenye upepo, ukaninyang'anya ule mfuko wa misumari niliokuwa nimenunua, ukauning'iniza kwenye ndoano iliyo chini ya kichwa. Ukaigonga. Ikatulia hapohapo. Uso wako, mama! Sijauona uso wako ukiwa hivyo tangu ulipomwona yule mtamba.

Halafu ukanigeukia. Mimi nilikuwa nimeinua ile stendi kwa mkono mmoja, kama watu wa Tongaren, na ilipanda kama unyoya. Sijui uso wangu ulikuwaje. Nadhani ulikuwa wa mtu aliye matangani. Ukaniangalia kidogo, ukaitoa ile misumari, ukakunja miguu mmoja mmoja, ukamrudishia mwenye duka. Ukasema, "Aai, Baba, hata ile yako inatosha. Nitazoea."

Na mimi nikarudi Kitale nikipiga mluzi. Nilipiga mluzi, Nekesa! Niliona nimeheshimiwa.

Jumamosi iliyopita ndipo ulinipandisha mlimani, unionyeshe kazi yako. Nilisema stendi nitabeba mimi, kwa vile nilikuwa mbeba stendi kabla hujazaliwa. Tuliondoka na giza. Hatujafika mbali ukasikia pumzi yangu.

"Lete, Baba."

"Wacha, bado niko."

"Baba, lete. Unapumua kama mvukuto wa mhunzi."

Ukaichukua, ukaiweka kwenye bega lile lile, tukaendelea. Mimi nikawa nyuma yako. Njia nzima hiyo niliitazama shingo yako ilivyoinama upande mmoja. Hukupumzika, hukulalamika, na kila penye utelezi ulikuwa unageuka kuangalia kama baba yako amevuka. Niliwahi kujivunia mlango wa kanisa nilioutengeneza, na meza ya madhabahu. Sikuwahi kujivunia kitu kama ile shingo, na sikuwahi kukionea uchungu kitu kama ile shingo.

Tulipofika jua lilikuwa limepanda. Ulinikalisha, ukatengeneza darubini, ukaniambia, "Usitafute mnyama mzima. Tafuta kitu kidogo kisichofanana na majani." Nikaweka jicho. Mara ya kwanza maishani, mimi niliyebeba stendi nusu ya Elgon. Mwanzo niliona kijani tu. Nikatulia kama ulivyosema. Halafu sikio likatikisika, likafukuza nzi. Na nyuma ya sikio akatokea pongo mzima, yule swara mdogo wa vichakani, amesimama kivulini ng'ambo ya bonde, ananitazama kana kwamba tunajuana.

Nilikumbuka sikio la mtamba. Kwa hiyo hivi ndivyo unavyoona, nikasema moyoni. Hivi ndivyo ulivyokuwa unaona, juu ya kichuguu, nikikuita mlinzi wa upepo.

Nikakwambia, kwa sauti ya mtu anayetafuta sifa, "Haitingishiki, eh?" Ukanijibu, "Haitingishiki, Baba. Ni nzuri sana." Na ni kweli. Halafu ukatazama lile bonde tupu chini yetu, ukasema polepole, si kwangu, kama unajisemea, "Mapema hapa wanakuwa wengi."

Basi. Lakini mimi ni seremala, naweza kupima bila futi. Huyo mmoja ndiye aliyebaki kutusubiri, na wengine walikwenda zao tukiwa tumebeba heshima yangu mlimani. Na huko Nyandarua mlima ni mrefu zaidi, na bongo hangojei mtu. Wangekurudisha nyumbani, na wewe ungekuja na hiyo stendi begani, ungeniamkia vizuri, na kamwe usingesema ni kwa nini.

Nilipomsimulia mama yako kwamba nimekaa chini hadi nikaona, alisema, "Kumbe mlima unatafutwa kwa makalio! Sisi tumekaa siku zote kukusubiri wewe tu, na hatukulipwa." Nikacheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka, na yeye akaelewa. Akaniambia, "Baba Nekesa, huyu mtoto hatakataa kitu chako. Usimwache akuchagulie wewe. Mchagulie yeye."

Jumanne uliponiuliza nimekwenda wapi, nilikuwa Bungoma. Yule jamaa wa studio alinikumbuka. Alisema, "Ile ya daktari? Nilimwekea. Nilijua mtarudi." Iko ndani ya mkoba wako mkubwa, chini ya sweta, imeviringishwa kwenye blanketi la kijani. Ukiinua mkoba utadhani hakuna kitu, ndivyo nilivyojua kwamba ulichagua vizuri. Nimejifunza kuinua upya, uzeeni.

Na kuna kitu kingine kimefungwa kwenye ndoano yake. Ni mfuko wa turubai niliokata kutoka aproni yangu ya kazi, ile ya mifuko mbele. Nimeushona kwa mkono, mama yako ameucheka mshono. Ndani yake sijaweka chochote. Panda nao ukiwa mtupu. Ukifika juu, jaza mawe ya hukohuko, uuning'inize, upepo uje ukute stendi imetulia. Ukimaliza kazi, mwaga mawe, ushuke. Uzito wa kukutuliza usiubebe kutoka nyumbani, mama. Mimi nilidhani ndiyo kazi ya baba, kumtwika mtoto vya kutosha ili asiyumbe. Kumbe mawe yako kule juu, Mungu aliyaweka kabla yetu.

Najua wewe. Hata baada ya kusoma haya, ungeondoka na zote mbili. Ungesema ile ya mbao ni ya kuweka tu chumbani, ya kumkumbuka Baba. Kwa hiyo ulipotoka kwenda kanisani nilifungua fundo lako, nikalifungua vizuri bila kukata kamba, kisha nikachukua msumeno.

Usiitafute asubuhi. Nimeikata miguu mifupi, nikaigongea kipande cha mbao juu, imekuwa kigoda. Seremala yeyote atakwambia, meza ya miguu minne kila siku inatafutiwa karatasi ya kuweka chini, lakini kitu cha miguu mitatu hakiyumbi popote utakapokiweka, hata kwenye sakafu yetu ya udongo, kama mafiga. Nimekipeleka jikoni. Mama yako amekiinua kwa mkono mmoja, akanitazama, akakikalia. Akajisukuma huku, akajisukuma kule.

"Sasa hii," amesema, "ni kazi nzuri. Na iko nzito, hakuna mtoto atanihamishia."

Amekikalia hata sasa, anachambua maharagwe, na kwaya imenyamaza, kwa hiyo uko njiani unakuja. Nitaiweka barua hii juu ya mkoba wako uikute usiku huu; ukishaisoma, itie kwenye ule mfuko mtupu. Haina uzito wa kukusumbua. Ukifika juu itoe kwanza, ndipo utie mawe.

Bwana akuangalie, wewe unayeangalia.

Ni mimi baba yako.